Sura ya Sita: Mzeituni wa Kingamyambo

Chupa yenyewe ni ndogo, inafichika kiganjani. Ilikuwa mezani pamoja na mishumaa, vitambaa vyeupe na kopo la karanga, mbele ya mlango wa kanisa la maombi katika mtaa mmoja wa Kolwezi, Jumapili saa tatu asubuhi, ngoma zikiwa zimeshaanza ndani. Karatasi iliyobandikwa ubavuni ilichorwa tawi lenye majani membamba na matunda matatu ya kijani. Nikamwuliza mama aliyekuwa akiuza kama mafuta yale yanafaa kukaangia samaki.

"Aa, papa," akasema, akacheka kama mtu aliyesikia neno lisilofaa kutamkwa karibu na kanisa. "Ile si ya kula. Ile ni ya maombi."

"Na mti wake unaujua, mama?"

"Muti gani? Inatokaka ku farmasi."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na kila nikilifikiria naona mama yule hakukosea sana. Kolwezi nzima huwezi kuonyeshwa shamba la mizeituni. Hata neno zeituni lenyewe halipo midomoni mwa watu: kwenye soko na kwenye farmasi wanasema huile d'olive, kama Wafaransa walivyoandika kwenye chupa. Zeituni wanalijua waliosoma Biblia ya Kiswahili na waliokaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani, basi. Hata hivyo mti huu ambao mizizi yake haijawahi kushika udongo wetu umetuingilia kwa njia nyingine, kwa jina lake, na jina hilo limefika mahali ambapo hakuna mchungaji wala padri aliyelipeleka, mpaka ndani ya tope la Kingamyambo, bwawa letu la makapi ya mgodi.

Nianze na mti, kwa kuwa usipoujua utadhani ni kitu cha ajabu zaidi ya ulivyo.

Mzeituni ni mti wa nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania. Mvua ya kwao hunyesha wakati wa baridi, kisha kiangazi chao ni kikavu na cha joto kali. Mti huo unahitaji wiki za baridi ili vichipukizi vyake viamke na kutoa maua, halafu unahitaji jua kavu ili tunda lijae mafuta. Sisi wa Katanga, kusini mwa Kongo, tuko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na majira yetu yamepangwa kinyume: mvua inakuja na joto, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, na baridi inakuja na ukame, Juni na Julai, asubuhi zile ambazo watoto wanakwenda shule wamejifunga shali za mama zao. Kwa mzeituni hiyo ni kama nyumba iliyojengwa paa likiwa chini. Mtu anaweza kuupanda uani na ukakua, ukawa na majani yake mazuri ya rangi ya fedha upande wa chini, lakini kupata kikapu cha matunda ni habari nyingine.

Na hata ukilipata tunda, usilitie mdomoni. Hapa ndipo watu wengi waliolisoma kwenye Maandiko hudanganyika, wakidhani ni tunda tamu kama zabibu au tini. Zeituni mbichi ni chungu kiasi cha kumfanya mtu ateme, kwa sababu ya kitu kinachoitwa oleuropeini kilichomo ndani ya nyama yake. Zile za kijani na zile nyeusi ni tunda lilelile, la kijani limechumwa mapema, jeusi limeachwa likaiva. Yote mawili lazima yalowekwe kwenye maji ya chumvi kwa wiki au miezi, au kwenye maji ya magadi makali, ndipo yalike. Mwanamke wa Katanga hahitaji kuelezwa mara mbili jambo hili. Muhogo mchungu nao ni sumu ukitoka shambani. Anaumenya, anauloweka siku tatu au nne, anauanika, anausaga, na jioni ni bukari. Aliyegundua kwamba zeituni inalika na aliyegundua kwamba muhogo mchungu unalika ni ndugu, ingawa waliishi mbali sana, na wote wawili nadhani walikuwa na njaa.

Ndugu wa mzeituni wa damu wapo Afrika yetu hii. Mzeituni mwitu unaota Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Wamaasai wanauita oloirien, Wakikuyu mutamaiyu, Waethiopia weyra, nao huufukiza ili moshi wake uingie kwenye vibuyu na vyombo vya maziwa na vinywaji. Kuna mwingine, mkubwa zaidi, wa misitu ya milimani, ambao mbao zake ni nzito hata huzama majini. Wauza mbao wa Tanzania huuita loliondo. Ndiyo, Loliondo ileile ambako mwaka 2011 watu walipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kule Samunge. Dawa ya Babu ilichemshwa kwa mizizi ya mti mwingine kabisa, mugariga. Jina la mzeituni lilikuwa limekaa pembeni tu, kwenye ramani.

Na kuna walioitwa mizeituni bila undugu wowote. Uganda wanakula empafu, tunda jeusi linalolainishwa kwenye maji ya moto, na vitabu vya Wazungu viliuita mti wake mzeituni wa Afrika. Kinshasa wana nsafu, rangi ya zambarau, inayowekwa kwenye majivu ya moto mpaka ilainike, ikaliwa na chikwange. Tunda lolote la Afrika lenye mafuta na kokwa moja lilikuwa hatarini kuitwa zeituni na msafiri mwenye njaa ya kwao. Masuku yetu ya msituni yaliponea chupuchupu kwa kuwa ni matamu.

*

Sasa jina. Kiswahili kimelipata zeituni kutoka Kiarabu, zaytun, na ndani yake mna zayt, yaani mafuta. Waarabu nao wana jamaa zao katika neno hilo: Kiebrania husema zayit, Kiaramu zayta. Katika lugha hizo mafuta na mzeituni vimeshikana hata huwezi kujua nani alimzaa mwenzake. Mafuta ya kwanza, mafuta yenyewe, ni ya mti huo. Mengine yote yaliyokuja baadaye yakaazima jina.

Lakini jina likisafiri bila mti, hupotea njia. Nenda Addis Ababa sokoni, uombe zeytun: utapewa mapera. Wasomali nao huita pera hivyohivyo. Mapera, haya yanayooza chini ya miti katika kila parseli ya Kolwezi mwezi wa tatu, watoto wakiyarushiana! Tunda lilitoka Marekani ya kitropiki, likafika Pembe ya Afrika halina jina, likavishwa la jirani wa mbali. Na Waarabu walikuwa na mji mzima wa China waliouita Zaytun, bandari ya Quanzhou ya leo. Ibn Battuta, yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika huko baadaye akaona ni vema kuwaonya wasomaji wake kwamba mji huo hauna zeituni hata moja. Inasemekana kitambaa cha satini kilipata jina lake hapo, kwa kuwa kilitoka Zaytun. Bibi harusi wa Kolwezi aliyevaa satini amevaa mzeituni bila habari.

Upande wa Ulaya neno lilipita njia nyingine. Wagiriki waliuita mti elaia na mafuta elaion. Walatini wakachukua, wakasema oliva na oleum. Kutoka oleum Wafaransa wakapata huile, na kwa kuunganisha na neno la jiwe likapatikana petroleum, mafuta ya mwamba. Kwa hiyo fundi wa pikipiki anayeuza petroli kwenye chupa za maji kando ya barabara ya Likasi naye anatamka mzeituni, ukichimba vya kutosha. Mti mmoja umekipa jina kinywaji cha kila mashine ya mgodini.

Na kuna neno ambalo tumelizoea mno hata hatulisikii. Masihi, Mesiya, Kristo: yote matatu maana yake ni aliyepakwa mafuta, na mafuta yaliyopakwa wafalme na makuhani wa Israeli yalikuwa ya zeituni. Anayejiita Mkristo amejiita mtu wa yule aliyepakwa. Getsemani, ile bustani ya usiku wa huzuni, maana yake ni kinu cha kukamulia mafuta, na ilikuwa chini ya Mlima wa Mizeituni. Waislamu nao wana sura ya 95 ya Kurani inayoanza na kiapo kwa tini na zeituni, na katika sura ya An-Nur taa ya mfano inawashwa kwa mafuta ya mti huo. Dini zote mbili zilizofika Katanga zilibeba mzeituni kwenye mizigo yake, kavu, ndani ya vitabu.

Majina ya watu niyagusie tu. Olivier, Olive na Olivia hawakosekani kwenye orodha yoyote ya shule ya mkoa wetu wa Lualaba. Olive hana shida, ni zeituni mwenyewe. Olivier anajidai tu: wataalamu wa majina wanashuku kwamba asili yake ni jina la kale la wapiganaji wa kaskazini, ambalo masikio ya Wafaransa yaliligeuza likafanana na mti. Rafiki yangu mmoja mwenye jina hilo nilipomwambia alikataa katakata. Alisema alibatizwa mzeituni na atazikwa mzeituni.

*

Ningeweza kuishia hapa, kwenye maneno. Lakini Kolwezi ni mji wa shaba, na shaba na zeituni wamejuana tangu zamani, kabla sisi hatujaingia kwenye hadithi.

Kisiwa cha Kupro kina vyote viwili, mizeituni mabondeni na shaba milimani. Warumi waliipenda shaba ya huko hata wakaita madini yenyewe kwa jina la kisiwa, cuprum, ndiyo maana Mfaransa anasema cuivre. Mwaka 1982 mpiga mbizi wa Uturuki aliyekuwa akitafuta sponji aliona vitu vya ajabu chini ya bahari karibu na Uluburun. Ilikuwa meli iliyozama zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Wachimbuzi walifanya kazi chini ya maji kuanzia 1984 hadi 1994, wakatoa takriban tani kumi za shaba ya Kupro, zikiwa zimesubuwa kuwa mapande yenye pembe nne zilizochomoza kama ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa. Pamoja na shaba walitoa mitungi mingi, na baadhi yake ilikuwa na zeituni.

Nikiona picha za mapande yale nakumbuka misalaba yetu. Wahunzi wa Katanga nao walisubu shaba kwa umbo lenye mikono minne, ndogo kwa kubwa, na watu wa bonde la Upemba walizikwa nayo karne nyingi kabla ya Mzungu. Sidai kwamba mmoja alimfundisha mwenzake. Ni umbo linaloshikika vizuri na kubebeka begani, mhunzi yeyote angelifikia. Tofauti ni kwamba vilima vya shaba vya kwetu havikuwa na mti wa kutajika. Wala shaba, kama walivyoitwa wahunzi wa zamani, waliitambua ardhi yao kwa upara wake: mahali ambapo msitu umekatika ghafla, pakabaki majani mafupi na vijiua vinavyostahimili sumu ya madini. Kimoja cha zambarau, Haumaniastrum katangense, Wafaransa wanakiita ua la shaba. Mtaalamu wa mimea Paul Duvigneaud aliandika sana kuhusu mimea ya namna hii miaka ya 1950. Mti haukai juu ya shaba nyingi, uwe mzeituni au mwembe.

Misalaba ile ikapanda bendera. Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi, na bendera yake ilikuwa nyekundu, nyeupe na kijani, yenye misalaba mitatu ya shaba. Kwa upande wa pili kulikuwa na bendera ya buluu ya Umoja wa Mataifa: ramani ya dunia imekumbatiwa na matawi mawili ya mzeituni. Alama hiyo iliandaliwa kwa ajili ya mkutano wa San Francisco wa 1945 na kikundi kilichoongozwa na Oliver Lundquist, na jina lake la kwanza nadhani halihitaji maelezo tena. Baraza Kuu liliipitisha Desemba 1946.

Tawi la mzeituni ni amani, kila mtoto wa katekisimu anajua: njiwa wa Nuhu alirudi na jani lake mdomoni, maji yamepungua. Katanga tawi hilo lilikuja na ndege za kivita. Mapigano kati ya majeshi ya Umoja wa Mataifa na ya Tshombe yalianza Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Septemba 1961, Katibu Mkuu wa Umoja huo, Dag Hammarskjöld, akafa kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 ya mwezi huo akienda kuonana na Tshombe, na vita ikarudi tena Desemba, kisha tena mwisho wa 1962. Jadotville, Likasi ya leo, ikachukuliwa mwanzoni mwa Januari. Kolwezi ikabaki ya mwisho. Tshombe alikuwa hapa, na jeshi lake lilikuwa limetishia kulipua mabwawa ya umeme ya mto Lualaba. Bwawa likipasuka migodi inazimika, na mabonde ya chini yanapata gharika yake bila safina. Tarehe 14 Januari 1963 alitangaza kwamba Katanga imekwisha. Tarehe 21 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia Kolwezi bila kupigana, na matawi mawili ya mzeituni yakapita barabarani, yameshonwa kwenye kitambaa cha buluu. Kama kuna siku ambayo mtu anaweza kusema mzeituni ulifika Kolwezi, ni hiyo. Wazee waliokuwa watoto wakati ule wanakumbuka malori na vilemba vya Wahindi. Mti hawaukumbuki, na kwa nini waukumbuke?

*

Miaka tisa baadaye mambo mawili yalitokea ambayo hakuna aliyeyapanga yakutane. Januari 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya ubatizo ya kigeni. Joseph-Désiré akawa Sese Seko, Katanga nayo miaka ile ikaitwa Shaba, na akina Olivier wakaambiwa watafute la babu zao. Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipinga, akalazimika kwenda kukaa Roma kwa muda. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka huohuo, tarehe 30, Papa Paulo wa Sita alitia sahihi hati kuhusu Mpako wa Wagonjwa. Hadi hapo mafuta ya sakramenti hiyo yalipaswa kuwa ya zeituni, bila hivyo mpako haukuwa halali. Maaskofu wengi walikuwa wamelalamika kwamba kwao mafuta hayo hayapatikani au ni shida kuyapata. Papa akakubali: mafuta mengine yatumike, mradi yatoke kwenye mmea.

Kwa Kongo maana yake ilikuwa wazi. Mgonjwa angeweza kupakwa mawese.

Sijui kama ni mapadri wengi waliothubutu. Wengine, nadhani, waliona rangi ile nyekundu na harufu ya sombe, wakasita. Lakini kwa sheria mchikichi ulikuwa umeruhusiwa kuketi kwenye kiti cha mzeituni. Na hapo ndipo ninapocheka peke yangu, kwa sababu mchikichi ulikuwa umeshakaa kwenye kiti hicho miaka mia mbili na zaidi. Mwaka 1763 Nikolaus von Jacquin, mtaalamu wa mimea wa Austria aliyeuona mti huo katika visiwa vya Karibiani, ulikofika pamoja na watumwa kutoka Afrika, aliuandika kwenye kitabu chake kwa jina ambalo unalo hadi leo: Elaeis guineensis. Elaeis ni kutoka elaia. Akatazama mti wa Kiafrika wenye urefu wa nyumba tatu, hauna tawi hata moja, tunda lake jekundu, akasema: mzeituni wa Guinea. Alichokiona ni mafuta.

Uwanda wetu ni wa juu na mkavu mno kwa mchikichi. Mawese ya Kolwezi siku zote yametoka mbali, kaskazini na Kasai, kwenye madumu juu ya malori na mabehewa. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na mashamba makubwa ya michikichi tangu William Lever alipopewa maeneo yake mwaka 1911, mtengenezaji sabuni ambaye alijenga mji Lusanga akauita Leverville. Jasho na fimbo za mashamba yale zina kitabu chao, sitazipitia hapa kwa haraka. Ninalotaka ni mafuta yenyewe, kwa sababu si yote yaliyokwenda kwenye sufuria na sabuni. Mengine yalikwenda kwenye jiwe.

Malakiti, jiwe lile la kijani la juu ya ardhi ambalo kila mchimbaji wa Kolwezi analijua kwa macho, lina tabia ya ukaidi. Ukilisaga pamoja na mwamba wake likawa unga, ukautia maji, vyote vinakuwa tope moja, na shaba haijitengi. Dawa yake ni povu. Fikiria mama anayefua nguo: sabuni ina upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta, ndiyo maana inaukamata uchafu. Asidi za mafuta zilizomo ndani ya mawese zikivunjwa hufanya kazi hiyohiyo kinyume. Kichwa chao kinashika punje ya malakiti, mkia unabaki nje ukiyakimbia maji. Ukipuliza hewa kutoka chini, punje zilizovaa mafuta zinang'ang'ania viputo, zinapanda juu na povu la kijani, zinamwagika pembeni zikakusanywa. Mchanga unabaki chini.

Ndivyo ilivyofanyika Katanga kwa miongo mingi, enzi za kampuni ya Union Minière na baadaye ya Gécamines. Kwenye konsantratere ya Kolwezi, kiwanda cha kutenga madini, KZC kama wafanyakazi walivyozoea kuiita, mawese yaliyovunjwa yalichanganywa na mazutu, yakatiwa kwenye tope la madini yenye mchanga. Chakula cha mama kilichanganywa na chakula cha lori ili kiinue shaba. Nimewahi kukaa na mzee mstaafu wa kiwandani aliyeniambia kwamba zamu ya usiku ilinukia jikoni, na kwamba njaa ilimshika kila akipita karibu na matangi.

Ndani ya mawese asidi mbili zinagawana sehemu kubwa. Moja ni ya mchikichi kwa jina, palmitiki. Nyingine, inayokaribia mbili ya tano, inaitwa oleiki, na ndiyo inayotawala mafuta ya zeituni, zaidi ya nusu na mara nyingi robo tatu. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alizipambanua asidi za namna hii mwanzoni mwa karne ya 19, na hii akaipa jina kutoka oleum. Kwa hiyo kilichoshika mkono wa malakiti na kuipandisha kwenye mwanga kilikuwa na jina la mzeituni, na kitu chenyewe, chembe kwa chembe, ni kilekile kinachokamuliwa Getsemani.

Mawese hayakuinua yote. Yalifanya vizuri kwenye madini ya mchanga, lakini mwamba ukiwa na dolomiti yalishindwa kuchagua, yakashika shaba na dolomiti pamoja kama mlevi anayemkumbatia kila mtu, na madini hayo yalibidi yatafutiwe dawa nyingine. Kilichoshindikana kilimwagwa. Kiasi kilishuka kwenye bonde la mto Musonoi, na kingine kilielekezwa kwenye bwawa la makapi la Kingamyambo, tangu miaka ya 1950, mwaka baada ya mwaka, hadi likawa uwanda mweupe wa kijivu unaong'aa kiangazi na kupeperusha vumbi juu ya paa. Wakati kampuni za nje zilipokuja kupima makapi ya Kingamyambo na Musonoi kwa pamoja, zilihesabu zaidi ya tani milioni 110, zenye shaba inayokaribia asilimia 1.5 na kobalti asilimia 0.3. Kuna migodi duniani inayopasua mwamba mpya kwa kiwango cha chini ya hicho. Leseni yake iligombaniwa mahakamani, ikabadilisha mikono, na tangu 2018 kiwanda cha Metalkol kinaliosha tope hilo upya. Mabomba ya maji yenye nguvu yanaukata ukuta wa makapi kama kisu kwenye bukari iliyopoa, na shaba inayeyushwa kwa asidi. Safari hii hawahitaji mawese.

Nilirudi kwenye kanisa lile miezi kadhaa baadaye, si kwa maombi, ingawa sikumwambia mama. Meza ilikuwa palepale. Chupa zilikuwa zilezile, tawi na matunda matatu ubavuni, lakini karatasi zilikuwa zimechakaa pembeni na mafuta yalikuwa na rangi ya njano zaidi. Nikamwuliza kama farmasi imeleta mzigo mwingine.

"Farmasi imepandisha bei, papa. Chupa tulichunga. Tumetia ile ya kukaangia." Akanionyesha chini ya meza dumu la lita tano la mafuta ya kupikia, yale ya njano yanayotoka mchikichini yakishachujwa na kutenganishwa na mgando wake. Wenye viwanda wana jina la sehemu hiyo isiyoganda. Wanaiita oleini.

Nikanunua chupa moja.